Ngozi ya Dume Jeusi

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema kwa sababu watu wakisikia kazi yangu hudhani nina roho ngumu. Nasoma magonjwa ya kale. Nashika mfupa wa mtu aliyekufa zamani mno, naugeuza chini ya taa, kisha nasema: huyu alikuwa na kifua kikuu kilichomla uti wa mgongo; huyu alikuwa na ukoma; huyu alivunjika mguu akapata mtu aliyejua kufunga banzi. Nikichoka na mifupa nasoma maandishi ya matabibu wa Misri, wa Uyunani na wa Uarabuni, walivyohangaika na homa na majipu. Hayo ndiyo ninayofundisha chuoni Dar es Salaam, na wanafunzi wangu wengine hawapendi kukaa na mimi meza moja wakati wa chakula.

Kilichonipeleka huko ni woga mtupu. Nilianza kwa kusomea udaktari wa watu walio hai, kama wenzangu. Siku za mwanzo wodini, mama mmoja mgonjwa alinishika mkono akaniuliza, "Nitapona?" Nilifungua mdomo, neno halikutoka. Nilimtazama, nikatazama dripu, nikatazama viatu vyangu, halafu nikatoka nje nikatapika kwenye maua ya hospitali. Haukupita muda nikaomba kuhama. Nilikwenda kwa wafu kwa sababu wafu hawaulizi kitu. Ugonjwa uwe mbaya namna gani, mambo yao yalishakwisha. Mimi niko na glavu zangu mkononi, na chai yangu inanisubiri chumba cha pili.

Nyumbani, kijijini Sapiwi, hawajawahi kuielewa kazi hii. Nikifika likizo wazee wananiletea magoti yao. Wanayanyoosha mbele yangu, wanasema, "Wewe si daktari wa mifupa?" Aliyekuwa akiniokoa ni baba mdogo. "Huyu anatibu waliokwisha kufa," aliwaambia. "Ninyi subirini zamu yenu." Wao wanacheka, mimi napona.

Baba mdogo ndiye baba niliyemjua. Baba yangu mzazi alikufa nikiwa bado nabebwa mgongoni, na nilichoambiwa ni neno moja tu: homa. Mdogo wake huyu, hata mke alikuwa hajaoa, akatuchukua mama na mimi tukahamia mji wake, yaani boma lake. Alipokuja kupata watoto wake, mimi nilibaki kuwa wa kwanza. Wenzake walipomuuliza kwa nini anauza ng'ombe ili asomeshe msichana wakati msichana ndiye anayeleta ng'ombe, aliwaambia kila mtu achunge wa kwake. Nilimwita Baba, na bado ndivyo ninavyomwita.

Siku moja akanipigia simu. Barabara ilikuwa inapanuliwa, na watu wa barabara walikuwa wamepiga alama nyekundu kwenye mti ulio katikati ya zizi la zamani. Humo ndimo alimozikwa babu, na kaburi lilitakiwa kuhamishwa. Zamani kwetu mwenye mji alizikwa ndani ya zizi lake, amefungwa kwenye ngozi ya dume lililochinjwa kwa ajili yake, ili hata huko alikokwenda asionekane mtu wa hivihivi. Habari ya ngozi ya babu niliikuta tangu naanza kuelewa maneno. Ilisimuliwa kwenye harusi, kwenye misiba, hata kwenye vikao vya kugombana. Mwaka aliokufa babu ulikuwa mwaka mbaya, ng'ombe walikuwa wakifa kila mji, lakini wanawe walimchinjia dume jeusi lisilo na doa hata moja, wakamfunga humo. Tuliisikia tukijivuna.

"Mwanangu, huku kuna kazi yako," alisema kwenye simu. "Sitaki mgeni amshike baba yangu."

Niliogopa hapohapo. Maisha yangu yote nilikuwa nimeshika mifupa isiyo na majina, na huyu nilikuwa natumia jina lake kama la ukoo. Lakini kumkatalia baba mdogo sikuwahi kujifunza, nikakata tiketi ya basi.

Nilifika nikakuta pamba imeshachumwa, mashamba yamebaki vijiti. Asubuhi ya kazi watu walikuwa wengi. Bwana afya wa wilaya alikuja na pikipiki, kijana wa Tanga mwenye Kiswahili cha taratibu, na sheria ilitaka awepo. Wazee walimwamkia "Mwangaluka," yaani habari za asubuhi, naye kwa heshima zote akajibu "Marahaba," kama vile wao ndio wadogo. Walicheka hadi mmoja akashika mti. Yule kijana alicheka nao, kisha akafungua sanduku lake akatoa glavu, barakoa na chupa ya klorini.

Baba mdogo aliziangalia zile glavu kama mtu aliyeonyeshwa kitu cha aibu.

"Mimi nimwokote baba yangu kwa nailoni?" alisema. "Kama takataka?"

Wanaume wote wakakataa naye. Bwana afya alieleza, akaeleza tena, akaona anapoteza muda. Mimi nilikuwa nimeshavaa zangu, za bluu, nilizotoka nazo Dar es Salaam. Sikuwa nimefikiri. Mikono yangu ikiona mfupa huwa inazitafuta yenyewe. Mzee mmoja jirani akanitazama mikononi akatabasamu.

"Ng'wanone," akasema, yaani mwanangu, "unamwogopa guku wako?"

Guku ni babu. Kicheko kilichofuata hakikuwa kikali, ila kiliniingia. Mimi mtoto wa mji ule ndiye niliyekuja kumshika babu kama anavyoshikwa maiti wa barabarani! Nikazivua, nikazitia mfukoni.

"Daktari, hata wewe?" bwana afya akaniuliza kwa sauti ya chini.

Nikamjibu kisomi. Nilimwambia marehemu alikufa kwa uzee, ng'ombe alichinjwa akiwa mzima, na udongo wa zizi lililokaa bila ng'ombe muda wote huo hauna la kutisha. Nilisema kwa uhakika mpaka akaniamini. Yeye mwenyewe hata hivyo hakuvua.

Tulianza kwa kubomoa kilichobaki cha uzio wa miiba. Baba mdogo aliishika miiba ile ya mgunga kwa mikono mitupu kama kawaida yake, na mmoja ukamchana mkono wa kulia, chini ya kiwiko. Alijifuta damu kwenye suruali akaendelea. Chini ya samadi iliyokauka ikawa ngumu kama tofali tulikuta udongo laini, na chini ya huo udongo, ngozi. Ilikuwa imekakamaa na kukatikakatika, lakini nywele bado zilikuwepo sehemu nyingine. Zilikuwa nyekundu.

"Si walisema dume jeusi?" bwana afya akauliza.

Hapo nikapata nafasi ya kufundisha tena. Nywele nyeusi zikikaa ardhini muda mrefu hupoteza weusi wake zikawa nyekundu, nikamwambia, tumeona hivyo hata kwenye maiti za kale za nchi za mbali. Ni kweli kabisa. Wazee waliokuwa karibu walitikisa vichwa wakifurahia elimu ya mtoto wao. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba mdogo, ambaye sisi tunamwita sengi, alikuwa amekaa pembeni kwenye kigoda. Nilimwona akigeuza uso akaangalia upande wa mashamba. Nilidhani ni uchungu wa baba yake.

Baba mdogo aliingia shimoni akaikumbatia ile ngozi na vyote vilivyokuwa ndani. Vumbi lilimpanda hadi kifuani. Mimi nilipokea taya. Nililigeuza juani nikaona pengo katikati ya meno ya mbele, pengo lilelile ninaloliona kwenye kioo kila asubuhi. Nililishika kwa mikono miwili, bila kitu katikati yangu na yeye. Mchana ule tulimzika upya nyuma ya nyumba, ng'ambo ya ua wa minyaa, yeye na ngozi yake, tukala wali na nyama, watu wakaondoka.

Mimi nilibaki nyumbani kidogo, nilikuwa na likizo. Asubuhi moja tukiwa tunakunywa chai na michembe, yale makopa ya viazi vitamu, nilimwona baba mdogo anajikuna mkono.

"Mdudu kaniuma," alisema.

Nilitazama. Kipele kidogo, karibu na pale mwiba ulipomchana. Kesho yake kilikuwa lengelenge. Asubuhi iliyofuata alikuja mezani mkono umevimba, akaupandisha juu ya meza ili nione vizuri, kama wale wazee na magoti yao. Pembeni palikuwa pamefura, pamezungukwa na malengelenge madogo, na katikati palikuwa peusi tititi.

"Baba, panauma?"

"Hata kidogo," alisema, na alikuwa anajisifu. "Haiumi kabisa."

Kama angesema panauma ningeshukuru. Jipu linauma. Mwiba ulioozea ndani unauma. Kidonda cheusi, kilichovimba hivyo, kisichouma, nilikuwa nimekisoma kwenye maandishi ya kale nisijue mara ngapi. Matabibu wa zamani walikifananisha na kipande cha mkaa, na jina hilo la makaa limebaki kwenye vitabu vya udaktari hadi leo. Sisi tunakiita kimeta. Ni ugonjwa wa ng'ombe unaomwingia mtu anayechuna au kula mnyama aliyekufa nao, na ukiingia kwenye damu mtu haendi mbali. Nilishusha kikombe. Kisha nikaiangalia mikono yangu mwenyewe, viganja, kisha katikati ya vidole. Naona aibu kusema nilianza na yangu kwanza.

"Baba, umechuna ng'ombe gani?"

"Ng'ombe gani? Ng'ombe wangu wazima. Bwana mifugo juzi tu katoka kuchanja."

"Mbuzi? Nyama umekula wapi?"

"Unanihoji kama polisi," akasema, akavuta michembe.

Hakukuwa na mnyama. Nilijitahidi kushukuru, lakini akili ilikuwa imeshakimbilia nyuma ya nyumba, ng'ambo ya minyaa. Kuna somo ninalolipenda kulifundisha. Nawaambia wanafunzi kwamba vimelea vya kimeta vikikauka vinaweza kulala ardhini umri wa mtu mzima, vikisubiri jeraha. Huwa naona wanavyotumbua macho, na mimi hufurahi kuwatisha. Nilisimama nikaenda jikoni kumtafuta shangazi.

Alikuwa anapepeta mtama. Nilichuchumaa mbele yake ili nisiseme kwa sauti.

"Sengi, lile dume la babu lilikuwa zima?"

Ungo ukasimama.

"Mkono wa baba mdogo umekuwa mweusi," nikasema. "Nakuomba. Sitauliza kingine."

Aliwafukuza kuku waliokuwa wakidonoa mtama uliomwagika. Halafu akasema, bila kuniangalia, "Nzagamba mweusi, lile dume mnalolisimulia, alikufa kabla ya baba. Walikufa wote. Asubuhi tunawakuta wamelala, damu inatoka puani. Yule mwekundu naye alikufa mwenyewe. Hakuchinjwa. Hakuna aliyechinjwa."

"Nani alimchuna?"

"Hilo muulize baba yako mdogo," akasema. "Na usimwambie ni mimi."

Nywele zile zilikuwa nyekundu kwa sababu ng'ombe alikuwa mwekundu, basi, na mimi nilikuwa nimesimama pale natoa somo. Nilijikaza kisabuni nikarudi nje, nikamwambia baba mdogo avae shati, tunakwenda Bariadi hospitali.

Alikataa. Alisema ana kazi, jipu litapasuka lenyewe, hospitali wanauliza maswali mengi. Sikuwahi kumwona akikwepa kitu. Nilimwambia kama haendi, nitalala chini mbele ya mlango, na aniruke akitaka kutoka. Nilikuwa nalia nikisema hivyo, mtu mzima na miwani yangu. Akavaa shati. Gari halikuwepo, tukapanda mshikaki kwenye bodaboda, dereva mbele, baba mdogo katikati, mimi nyuma nimemshika kiunoni. Njia nzima niliuangalia ule mkono unaning'inia kando ya paja lake. Niliuona unavimba. Labda haukuwa unavimba, labda ni macho yangu tu, lakini mimi niliuona.

Daktari alikuwa kijana mtulivu. Aliukagua mkono, akaminya pembeni, akauliza swali nililolitegemea.

"Mzee, kuna mnyama aliyekufa mwenyewe umemchuna, au umekula nyama yake?"

"Hakuna."

"Hata ngozi hujashika?"

"Hakuna, daktari. Wanyama wangu wazima."

Daktari akanitazama mimi. Nilikuwa nimeshamweleza mlangoni habari ya kaburi. "Kinafanana na kimeta," akasema. "Mama hapa kaniambia mlihamisha kaburi lenye ngozi."

"Ngozi ya nzagamba mweusi," baba mdogo akasema upesi. "Alichinjwa mzima. Sapiwi yote inajua."

"Basi kama alikuwa mzima na wa kwenu wamechanjwa, huenda ni jipu baya," daktari akasema. "Tunaweza kulipasua tukasafisha, tukaona." Akamgeukia nesi.

Nilijua kimeta hakipasuliwi. Kukipasua ni kukifungulia njia. Na nilijua pia kwetu mtoto hamwambii baba yake mbele ya mgeni kwamba anadanganya, hata kama baba anasema jua ni mwezi. Mdomo ulinikauka kama siku ile ya yule mama wa wodini. Niliona trei inakuja, ikiwa imefunikwa kitambaa cha kijani.

"Si kweli," nikasema. "Daktari, usipasue. Dume lilikuwa jekundu. Lilikufa lenyewe, mwaka ambao ng'ombe wote walikufa ghafla na damu puani."

Nilitegemea baba mdogo anigombeze. Alinitazama tu, na usoni kwake niliona kitu ambacho sikuwahi kukiona tangu nizaliwe. Alikuwa ananiogopa. Hakuuogopa mkono wala daktari, aliniogopa mimi.

"Nani kakuambia?" akauliza.

Nikamtazama daktari. Akageukia ukutani.

Daktari hakupoteza muda tena. Trei ilirudishwa, akachomwa sindano, akalazwa, dripu ikafungwa. Bwana afya alipigiwa simu akaenda Sapiwi kuwagawia dawa wote walioingia shimoni na kuzungushia uzio kaburi jipya ili ng'ombe wasisogee. Alipopita hospitali kuniona hakusema lolote kuhusu glavu, na ukimya wake ulinichoma kuliko kusemwa. Mimi nami nilipewa vidonge. Kila nilipovimeza nilijikagua mikono, kisha nikajikagua tena dirishani kwenye mwanga, nikikuta kipele cha mbu nashindwa kula.

Lakini dawa haikuuzuia uvimbe mara moja. Ulipanda ukavuka kiwiko, ukafika begani. Daktari alichora mstari wa kalamu kwenye ngozi yake kuonyesha uvimbe ulipofikia, na kila nilipoutazama ule mstari uvimbe ulikuwa umeuvuka. Homa ilimpanda. Midomo ilipasuka. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikijua kila hatua inayofuata, kwa sababu nimeziandika, nimezifundisha na nimetunga mitihani yake. Katika wagonjwa wangu wote hakuna hata mmoja aliye hai. Sikuwahi kuliwaza jambo hilo namna hiyo mpaka nilipokuwa nimekaa pale.

Mchana mmoja, wodi imetulia watu wamekwenda kula, alifumbua macho.

"Mwanangu. Nitapona?"

Nilitaka kukimbia. Nasema kweli, miguu ilishajiandaa. Maua ya hospitali hii nayo yalikuwa nje palepale.

"Sijui, Baba," nikasema.

Alitikisa kichwa kidogo kama mtu aliyepata jibu alilolitaka. "Basi kama hujui, ngoja nikuambie."

Akaniambia. Siku babu alipokata roho, dume jeusi lilikuwa limeshakufa, na jekundu lilikutwa limekufa asubuhi ileile. Hakukuwa na mnyama wa kuchinja. Baba yangu, aliyekuwa mkubwa, alisema wamzike babu kwa shuka, watu wataelewa, mwaka ni mbaya kwa wote. Baba mdogo akakataa. Alikuwa kijana, alikuwa na mdomo. Alisema watachekwa. Mtu aliyekuwa na ng'ombe wengi vile azikwe kama mpita njia? Alisema mpaka kaka yake akachoka kubishana.

"Mimi nilishika miguu," alisema. "Yeye ndiye aliyeshika kisu. Akajikata kidogo, hapa." Alijaribu kunionyesha kidole cha mkono uliovimba, mkono ukakataa. "Baadaye kikatoka kitu cheusi. Kikavimba. Tukamuuliza, akasema hakiumi. Alikuwa anakicheka, anakubeba huku anakicheka. Halafu homa ikaja."

Nilimlowesha midomo kwa maji.

"Tulikubaliana sote tuseme alikuwa mweusi, na alichinjwa. Wewe ulipoanza kusoma haya magonjwa ya zamani, nilisema, huyu mtoto ananitafuta mimi. Kila likizo nilisema, leo ameniona. Nikakusubiri." Alipumzika kidogo. "Mikono hii ndiyo iliyomfunga baba. Nilitaka ndiyo imfungue. Nilidhani miaka yote hii imeshamaliza kila kitu."

Nilitoka nje. Nilisimama penye kamba za kuanikia mashuka, nikashika shuka moja bichi nikalikunja mkononi mpaka maji yakadondoka. Nilikuwa na hasira, hasira ya kweli, ya kutaka kupiga mtu. Nilikuwa nimetembea nchi na nchi nikitafuta kilichowaua watu wa kale, na nyumbani kwetu, mezani, penye michembe, alikuwa amekaa mtu anayejua kilichomuua baba yangu, na ananimiminia chai. Alikuwa ameuza ng'ombe wake nikasome, huku akiogopa siku nitakayojua. Nilimchukia. Halafu nikawaza kwamba huenda anakata roho sasa hivi, mimi niko hapa nakamua shuka la watu, na woga ukaimeza ile hasira yote. Nilirudi mbio, kandambili zikipigapiga sakafuni, mgonjwa mmoja akaniambia taratibu mama.

Alikuwa hai. Amelala, anapumua kwa mdomo. Niliutazama mstari wa kalamu. Nikautazama tena kwa karibu, nikavua miwani nikaifuta. Uvimbe haukuwa umeuvuka.

Baada ya hapo ulianza kushuka, taratibu mno, kama mtu anayeondoka mahali bila kupenda. Homa ikakata. Alianza kulalamika kuhusu uji wa hospitali, na shangazi alipokuja kumwona alimgombeza kwa kuja na mahindi ya kukaanga wakati yeye meno yanamuuma. Shangazi hakuniangalia, nami sikumwangalia. Kuhusu baba yangu, mimi na baba mdogo hatukusema tena neno. Nilimlisha, nikamnyoa ndevu, nikamkunjia blanketi. Bado nilikuwa namwogopea na bado nilikuwa nimekasirika, na vyote viwili nilikaa navyo kwenye kile kiti cha plastiki.

Siku moja nesi alizidiwa na kazi, akaniomba nimsaidie kubadilisha bandeji. Alifungua ile ya zamani. Pale peusi palikuwa pamekauka pakawa kama gamba la mti, kubwa kuliko nilivyodhani. Nikaitazama mikono yangu. Nesi alinisogezea boksi la glavu. Niliangalia lile boksi, nikamwangalia baba mdogo, nikamkumbuka mzee aliyecheka zizini, na sikujua nifanye nini. Mkono wangu ulibaki hewani.

Baba mdogo aliuona.

"Vaa," alisema.

Nikatoa moja, nikaingiza vidole. Haikukaa sawa, ikajikunja kwenye kifundo. Alinyoosha mkono wake mzima, akaishika ile glavu kwenye ukingo, akaivuta mpaka ikafunika vizuri, kama alivyokuwa akinivuta soksi za shule.

"Vaa vizuri," alisema. "Baba yako hakuwa nazo."